Mfumo wa mafaili wa vihisi: nikiwasha kwa -d unafanya kazi, nikiuachia ujiendeshe unaganda. Naomba msaada

#1 Mgogo wa Terminali (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nimekuja na mkono nyuma. Wiki ya tatu sasa nimekwama na nimeshachoka nauli ya Hombolo.

Kisa kwa kifupi. Kuna mzee ana kiwanda kidogo cha mvinyo huko Hombolo, Dodoma, anasindika zabibu zake na za majirani. Alitaka kujua joto la mapipa yake bila mtu kuamka usiku kuchovya kipimajoto. Nikamfungia Raspberry Pi moja (kompyuta ndogo ya Linux), vihisi nane vya joto vya DS18B20 (pipa moja kihisi kimoja, vyote kwenye waya mmoja wa data), na BME280 moja kwa ajili ya hewa ya ghalani. Nasema vihisi makusudi, maana nikisema "sensa" mtu ataniuliza kama ni ile ya Agosti 2022.

Sikutaka kijana wa pale ahangaike na programu ngumu. Nikaandika mfumo wa mafaili wa kubuni kwa kutumia FUSE (njia ya Linux ya kuandika mfumo wa mafaili kama programu ya kawaida), lugha ya C, maktaba ya libfuse 3. Ukifungua folda unakuta hivi:

```
/mnt/vihisi/pipa1/joto
/mnt/vihisi/pipa2/joto
...
/mnt/vihisi/ghala/unyevu
/mnt/vihisi/ghala/mgandamizo
```

Unaandika `cat /mnt/vihisi/pipa3/joto` unapata 24.312, basi. Hakuna faili lolote kwenye diski, kila kitu kinazaliwa pale mtu anaposoma.

Mabalaa ya mwanzo niliyamaliza mwenyewe. La kwanza, `cat` ilikuwa hairudishi kitu kabisa. Kumbe nilikuwa naripoti ukubwa wa faili kuwa 0, kerneli (kiini cha Linux) ikiona sifuri inasema faili limekwisha, haijisumbui hata kuniuliza. Nikawasha direct_io, kerneli isijali ukubwa, iniulize mimi. Likaja la pili: `cat` ikawa haiachi, inamwaga 24.312 24.312 24.312 mpaka terminali ikajaa, maana nilikuwa siangalii msomaji ameshafika wapi. `cat` haiondoki mpaka irudishiwe sifuri. Nikarekebisha.

Sasa hili la tatu ndilo limenishinda. Nyumbani Nkuhungu, mezani, vihisi viwili, nawasha kwa `-d` ili nione kila ombi linaloingia. Inakesha bila kosa. Nikiipeleka Hombolo na kuiwasha kwa mstari wa `@reboot` kwenye crontab (ijiwashe Pi ikiwaka), bila `-d`, yanatokea mambo mawili:

Siku nyingi namba zinaganda. Pipa la 3 linasoma 24.312 asubuhi, mchana, usiku, kesho yake. Mvinyo unachachuka pale, haiwezekani joto lisimame hivyo.

Siku nyingine `cat` inaning'inia tu. Haileti namba, haileti kosa. Hata `kill -9` (kuiua kwa nguvu) kwa hiyo `cat` haifui dafu.

Nikiingia kwa mbali, kwa SSH, nikaizima na kuiwasha kwa mkono na `-d` nione kosa liko wapi, kosa halipo! Kama mtoto anayelia mgeni akiondoka.

#2 Kobe Mwepesi

Nimeweka kiti hapa. Endeleeni.

#3 Dar Mpaka Moro

Mkuu kwanza tuwekee picha ya usomaji wote, hata huo wa ghala. Usikute vihisi vyenyewe ni feki vya sokoni.

#4 Mgogo wa Terminali

@Dar Mpaka Moro huu hapa wa leo asubuhi, nilipowasha kwa mkono:

```
pipa1 23.875   pipa2 24.062   pipa3 24.312   pipa4 23.937
pipa5 85.000   pipa6 24.187   pipa7 22.750   pipa8 23.500
ghala: unyevu 41.2   mgandamizo 886.4
```

#5 Dar Mpaka Moro

Si nilisema! Mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1013. Wewe unasoma 886. Hicho kihisi tupa.

#6 Mzee wa Solda

@Dar Mpaka Moro kijana, 1013 ni ya kwenu huko ufukweni. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, 886 ndiyo haki yake. Kikisoma 1013 hapa ndipo ukitupe.

Sasa wewe mleta uzi. Pipa la 5 linaloandika 85.000 umelipita kimyakimya kama hulioni. Mvinyo wa nyuzi 85 huo ni supu. DS18B20 ikipata umeme tu, namba iliyo tumboni mwake ni 85 kamili, inakaa hivyo mpaka imalize kupima mara ya kwanza. Ukiiona 85 maana yake kihisi kimezimika na kuwaka katikati ya kazi, au kilikosa nguvu ya kupima. Ni waya huo. Una mita ngapi? Umeunganishaje? Rezista ya kuvutia juu umeweka ya ngapi? Umevilisha kwa waya tatu au umeiba umeme kwenye data?

Mimi naona kuganda kwako kote kunatoka hapo.

#7 Mgogo wa Terminali

Shikamoo mzee. Waya tatu, rezista 4.7k kwenye pini ya Pi. Waya mkuu kama mita 20, halafu kila pipa lina tawi lake. Tawi la pipa la 5 ndilo refu, nililiunga katikati kwa kusokota na gundi ya umeme. Nisamehe.

#8 Mzee wa Solda

Marahaba. Kusokota! Ghalani kwenye unyevu na asidi ya zabibu! Ukatie solda au usinisalimie tena.

#9 Chuma cha Reli

Samahani, mimi nina swali la msingi zaidi. Kwa nini mfumo wa mafaili kabisa? Linux tayari inakupa hivyo vihisi kama mafaili. DS18B20 iko `/sys/bus/w1/devices/`, BME280 iko `/sys/bus/iio/devices/`. Unasoma, unagawa kwa 1000, umemaliza. Wewe umejenga nyumba juu ya nyumba halafu unalalamika ngazi ni ndefu.

#10 Mgogo wa Terminali

Swali zuri, nililitegemea. Sababu tatu.

Majina. Kule ndani kihisi kinaitwa 28- halafu tarakimu kumi na mbili za ajabu. Kikiharibika nikaweka kingine, jina linabadilika, na kila programu iliyokuwa inasoma inakufa. Mimi nina faili moja la mipangilio linalosema namba hii ni pipa5. Nabadilisha mstari mmoja.

Muda. Kila unaposoma DS18B20 kupitia kerneli, inapima upya, na kwa usahihi wa biti 12 inachukua milisekunde 750. Vihisi nane ni sekunde 6. Kijana akiandika `ls -l` tu kwenye toleo langu la kwanza alikuwa anakwenda kunywa chai, maana nilikuwa nasoma kihisi hata pale mtu anapouliza sifa za faili tu. Sasa hivi kuna uzi mmoja (thread, kazi inayokimbia sambamba) ndani ya programu unaozunguka vihisi vyote, unahifadhi namba kwenye kumbukumbu, unalala sekunde 10, unarudia. Anayesoma faili anapewa namba iliyokwisha kuhifadhiwa.

Na ya tatu, BME280 na DS18B20 haziongei lugha moja. Ile ya mgandamizo inatoka kwa kilopaskali, joto linatoka kwa elfu za nyuzi. Kijana wa mapipa hahitaji kujua hayo.

#11 Chuma cha Reli

Sawa, nimekuelewa hapo kwenye majina. Kwenye mengine bado nina kinyongo lakini siyo mahali pake.

#12 Nyundo ya Nzuguni

Weka msimbo mkuu. Hatuwezi kupiga ramli.

#13 Mgogo wa Terminali

Huu ni mwisho wa programu, sehemu nyingine ni kurasa nyingi:

```c
int main(int argc, char *argv[])
{
    pthread_t uzi;

    soma_mipangilio("vihisi.conf");
    pthread_create(&uzi, NULL, msomaji, NULL);
    sleep(8); /* vihisi vipate pumzi */

    return fuse_main(argc, argv, &kazi, NULL);
}
```

Na huu ndio uzi wa kusoma:

```c
static void *msomaji(void *x)
{
    for (;;) {
        pthread_mutex_lock(&kufuli);
        for (int i = 0; i < idadi; i++)
            joto[i] = soma_kihisi(i);
        pthread_mutex_unlock(&kufuli);
        sleep(10);
    }
}
```

Kila mtu akisoma faili, programu inashika `kufuli` (mutex, anayeishika ndiye pekee anayegusa namba), inanakili namba, inaachia.

#14 Nyundo ya Nzuguni

Unafunga kufuli ukiwa unasoma vihisi vyote nane? Yaani sekunde 6 nzima mlango umefungwa, wateja wamepanga foleni nje? Hapo ndipo `cat` inaponing'inia. Soma kwanza nje ya kufuli, halafu funga, nakili, fungua.

#15 Mgogo wa Terminali

Hilo nimelipokea, ni kosa kweli. Lakini sekunde 6 zina mwisho. Mimi `cat` inaning'inia kutwa. Juzi niliiacha saa nne asubuhi, jioni nikaikuta palepale.

#16 Bint Kerneli

Habari za humu. Nimesoma kuanzia juu na nadhani nauona ugonjwa, lakini sitaki kukuambia kabla hujauona mwenyewe kwa macho, kwa sababu huu ukitajiwa tu utausahau.

Fanya hivi. Ukiwa na hali ya kuganda (USIZIME programu), ingia kwa SSH:

Kwanza, hesabu maombi yanayosubiri. FUSE ina dirisha lake:

```
cat /sys/fs/fuse/connections/*/waiting
```

Ikiwa ni zaidi ya sifuri na haishuki, kuna ombi kwa programu yako ambalo bado halijajibiwa. Ndiyo maana `kill -9` ya `cat` haisaidii: ombi likishapokelewa upande wako, `cat` lazima isubiri jibu au programu yako ife. Pembeni ya hilo faili kuna jingine linaitwa `abort`, ukiandika 1 ndani yake unakata muunganisho wote. Lijue, litakuokoa nauli.

Pili, uzi wako wa kusoma upe jina. Weka mstari huu mwanzoni mwa `msomaji`:

```c
pthread_setname_np(pthread_self(), "msomaji");
```

Halafu jenga upya na `-g` (iache alama za kuchunguzia), iwashe kwa njia ileile ya crontab, subiri igande, uandike (PID ni namba ya mchakato wa programu yako):

```
ps -L -o tid,comm -p PID
```

Niletee matokeo ya bila `-d`, na ya `-d`. Yote mawili.

#17 Dar Mpaka Moro

Dada yuko vizuri. Hivyo vihisi unanunua bei gani mkuu?

#18 Mgogo wa Terminali

Nimerudi. @Bint Kerneli, nywele zimenisimama.

Kwa `-d`:

```
 2210 vihisifs
 2211 msomaji
 2218 vihisifs
 2219 vihisifs
```

Bila `-d`:

```
 1190 vihisifs
 1193 vihisifs
 1194 vihisifs
```

Msomaji hayupo! Hakuna kosa kwenye logi, hakuna kuanguka, hayupo tu. Nani kamuua?

#19 Bint Kerneli

Hakuna aliyemuua. Ulimwacha nyuma wewe mwenyewe.

Bila `-f` (ibaki mbele) wala `-d`, `fuse_main` inajipeleka nyuma ya pazia. Inaita `fork()`: mchakato wa kwanza unazaa mtoto, halafu mzazi anaondoka na mtoto ndiye anayebaki kuhudumia mafaili. Kanuni ya POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) ni kwamba mtoto anazaliwa na uzi mmoja tu, ule ulioita `fork()`. Kumbukumbu yote anairithi kama ilivyo, ila nyuzi nyingine hazivuki.

Wewe ulimwanzisha msomaji kabla ya `fuse_main`. Akafanya kazi sekunde 8 ndani ya mzazi. Mzazi akaondoka naye. Mtoto akarithi jedwali la `joto` likiwa na namba za mzunguko wa kwanza, na hakuna wa kuzibadilisha tena. Ndiyo 24.312 yako ya milele.

Ukiweka `-d`, ndani yake kuna `-f`, programu haijipeleki nyuma, `fork()` haiitwi, msomaji anaishi. Kwa hiyo kila ulipokuja na taa kumtafuta mwizi, taa yenyewe ndiyo iliyomfukuza.

#20 Nyundo ya Nzuguni

Ahaaa. Na kule kuning'inia je? Maana kuganda kwa namba nimeelewa, lakini `cat` inasubiri nini?

#21 Bint Kerneli

Nilikuwa nasubiri mtu aulize. @Mgogo wa Terminali siku ikining'inia, fanya `sudo gdb -p PID` (gdb ni kichunguzi cha programu), kisha `thread apply all bt`. Utakuta nyuzi zako zimekaa kwenye `pthread_mutex_lock`. Halafu muulize gdb kufuli imeshikwa na nani:

```
print kufuli.__data.__owner
```

Chukua namba hiyo, tafuta kama kuna mwenye hiyo namba kwenye `/proc`, ambako kuna walio hai tu.

#22 Mgogo wa Terminali

Imechukua siku mbili kuinasa, leo asubuhi imening'inia vizuri.

```
(gdb) print kufuli.__data.__owner
$1 = 1187
$ ls /proc/1187
ls: cannot access '/proc/1187': No such file or directory
```

Kufuli imeshikwa na marehemu.

#23 Kobe Mwepesi

Nimesimama kwenye kiti.

#24 Bint Kerneli

Ndiyo. Mtoto alirithi na kufuli, ikiwa imefungwa, na aliyeifunga alibaki ng'ambo. Hakuna atakayeifungua mpaka kiama.

Sasa kwa nini siku nyingine inaning'inia na siku nyingine inaganda tu? Hesabu yako ya sekunde. Mzunguko wa vihisi nane ni 6, wewe unasubiri 8. Mambo yakienda sawa, sekunde ya 8 msomaji kalala na kufuli iko wazi: unapata namba zilizoganda. Mzunguko ukichelewa ukavuka 8, `fork()` inamkuta ameshika kufuli: unapata kuning'inia. Swali kwako, ni nini kinachoweza kuchelewesha mzunguko siku moja na siku nyingine kisicheleweshe?

#25 Mzee wa Solda

Kwa ruhusa ya dada, hilo najibu mimi. Waya wa kusokota wa pipa la 5. Kihisi kikijibu na hesabu ya uhakiki isipotimia, draiva inarudia kusoma. Kila kurudia ni muda. Usiku wa unyevu inarudia mara kadhaa, mchana mkavu hairudii.

Nilisema waya, mkanicheka.

#26 Nyundo ya Nzuguni

Hakuna aliyekucheka mzee wetu. Ulikuwa na nusu ya jibu.

#27 Chuma cha Reli

Basi dawa ni rahisi. Iwashe kwa `-f` ndani ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux), `Type=simple`, ife irudi yenyewe. Crontab ya `@reboot` ni ya kizamani. Hakuna `fork()`, hakuna marehemu, kila mtu akalale.

#28 Bint Kerneli

@Chuma cha Reli systemd naiunga mkono kwa asilimia zote. Lakini ukiishia hapo umefunika shimo kwa jamvi. Siku kijana mwingine ataiwasha bila `-f` akajaribu kitu, atatumbukia humohumo. Rekebisha programu, HALAFU weka systemd.

FUSE ina mahali maalumu pa kuanzisha nyuzi, ni kazi ya `init`. Inaitwa baada ya `fork()` kupita, upande wa mtoto:

```c
static void *anza(struct fuse_conn_info *c,
                  struct fuse_config *cfg)
{
    cfg->direct_io = 1;
    pthread_create(&uzi, NULL, msomaji, NULL);
    return NULL;
}
```

Na msomaji asome kwenye jedwali lake binafsi kwanza, kama alivyosema Nyundo, kufuli ishikwe wakati wa kunakili tu.

Jambo jingine dogo ambalo halijakuuma bado. Ikijipeleka nyuma, programu pia inahamia folda ya `/`. Wewe unafungua "vihisi.conf" kwa jina fupi. Kwa sasa umesalimika kwa sababu unaifungua kabla, lakini siku ukitaka kuisoma upya wakati programu inaendelea, haitaonekana. Andika njia nzima.

Na namba ya pipa inakili pale faili linapofunguliwa, uishike kwenye `fi->fh` (mfuko wa faili lililofunguliwa), usiinakili kila anaposoma. Kuna programu zinazosoma vipande vidogovidogo. Kihisi kikibadilika katikati, mtu anapata kichwa cha namba moja na mkia wa nyingine.

#29 Mgogo wa Terminali

Dada Mungu akubariki. Nimebadilisha yote usiku huu. Nimejaribu mezani bila `-d`, msomaji yupo kwenye orodha. Kesho alfajiri Hombolo.

#30 Dar Mpaka Moro

Bei ya vihisi bado sijajibiwa.

#31 Mgogo wa Terminali

Mrejesho, siku ya nne.

Niliiwasha makusudi kwa njia ya zamani, bila `-f`, nikailaza hivyo siku mbili. Haikuganda. Kisha nikaihamishia systemd. Nilipokwenda kuizima nikasahau kutoa maunti (kuipachua folda) kwanza, nikaiua kwa nguvu, nikakutana na "Transport endpoint is not connected" kila nilipogusa folda. `fusermount3 -u /mnt/vihisi` ikasafisha. Nimeiweka kwenye `ExecStopPost` (amri ya baada ya kuzima) isinisumbue tena.

Jana root (msimamizi mkuu wa mfumo) alikuwa ananyimwa ruhusa ya kusoma folda, nikadhani nimeharibu kitu kipya. Kumbe ndivyo FUSE ilivyo, aliyepachika ndiye pekee anayeona, hata root anabaki mlangoni mpaka uweke `allow_other`. Nimeacha hivyohivyo, skripti ya kunakili kumbukumbu za usiku isije ikapita inasoma kila kitu humo.

Usomaji wa saa nane usiku wa kuamkia leo: pipa la 3 lilikuwa 25.062, saa kumi 25.187, saa kumi na mbili 25.000. Linapanda na kushuka. Yule mzee mwenye mapipa alinipigia alfajiri kuniuliza kwa nini pipa la 7 liko nyuma ya wenzake. Swali la mvinyo, siyo la programu. Nilifurahi sikuwa na jibu.

Pipa la 5 bado linarusha 85.000 mara mojamoja. @Mzee wa Solda, Jumamosi nakuja na waya wote mzigo mmoja. Niambie nikukute saa ngapi.

#32 Mzee wa Solda

Saa tatu. Hiyo gundi ya umeme iache hukohuko.